Mwenye Marahaba Yake

Kabla ya mdomo wangu kwenda upande, hakuna mtu katika soko la Babati aliyewahi kunishinda kwa maneno. Nasema hivyo bila haya. Nilikuwa nauza vitambaa vya mita, vya mapazia na vya sare za shule, na mteja aliyekuja kuuliza bei tu aliondoka na mzigo kwapani huku akijiuliza imekuwaje. Marehemu mume wangu alikuwa akisema Wapare wote tunapenda kesi, lakini mimi Hosiana nimezidi, mimi naweza kuishtaki mvua. Nyumba yetu ya Nangara, kuanzia msingi hadi bati, imejengwa kwa ulimi huu.

Kwa hiyo Mungu alipotaka kunijaribu, alijua pa kupiga.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu tutangaziwe kwamba tuna mkoa mpya, Manyara, na makao makuu ni hapa hapa kwetu. Watu wa ofisi walikuwa wanamiminika mjini, kila chumba kinapangishwa, na kila aliyepanga chumba anataka pazia. Biashara ilikuwa nzuri. Nilikuwa nampimia mama mmoja kitambaa, mkasi ukaniponyoka. Nikataka kuuokota, mkono wa kulia ukagoma. Nikataka kumwomba yule mama aniokotee, ikatoka, "Mita." Nikajaribu tena. "Mita." Yeye akadhani namwuliza anataka mita ngapi, akajibu kwa adabu kabisa kwamba nne zinatosha. Ndipo mguu nao ukaniacha, nikashuka chini pamoja na pazia lake.

Hospitali walisema ni kiharusi. Kijana mmoja wa mazoezi ya viungo alikaa pembeni ya kitanda changu akanieleza kila kitu mimi mwenyewe, siyo wanangu, na kwa hilo namwombea baraka mpaka leo.

"Bibi," alisema, "damu imeziba upande wa ubongo unaotoa maneno. Maneno yenyewe hayajafa. Barabara ndiyo imekatika. Ubongo, hata wa mtu mzima kama wewe, unaweza kutafuta njia nyingine ya kuzunguka. Ila njia isiyopitwa huota nyasi."

Nilimwelewa vizuri sana. Barabara zetu za enzi hizo zikikatika masika, tulikuwa tunapita mashambani kwa watu, na baada ya wiki mbili shambani kuna barabara. Nikataka kumwambia hivyo. Nikasema, "Mita."

Kisha akawageukia mwanangu Ombeni na mke wake. "Msimsemee. Msimfanyie kila kitu. Mkimwuliza, msubiri ajibu." Wote wawili wakaitikia kwa kichwa, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Tukafika nyumbani, wakafanya kinyume chake chote, kwa upendo.

Sasa nieleze kuhusu mke wa Ombeni, ambaye tunamwita Mama Noela kwa jina la binti yake. Kama kuna mkwe mwema kuliko huyu chini ya mlima Kwaraa, sijamwona. Alinilisha kwa kijiko. Alinivalisha, akanichana nywele, akaninyanyua na kuniketisha barazani asubuhi jua likitoka na kunirudisha ndani likiwa kali. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, kikombe kimeshafika mdomoni. Siku moja nilishika fagio kwa mkono wa kushoto, nijaribu tu, akaja mbio kutoka jikoni kama nimeshika nyoka.

"Mama! Majirani wakikuona watasema mimi ni mtu gani, namfagilisha mgonjwa?"

Hilo ndilo lililokuwa likimtesa. Mkwe hupimwa na mtaa mzima, na Mama Noela hakutaka mtu yeyote aje aseme mama mkwe aliteseka mikononi mwake. Nilimpenda, na kuna siku nilitamani kumrushia kikombe.

Lakini la fagio lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa salamu.

Pale barazani napitiwa na Nangara yote. Wanafunzi, wanawake wa majembe, vijana wa ofisini na viatu vyao vya kung'aa. Mwanzoni walinisalimu kama kawaida. "Shikamoo, Bibi." Mimi najibu, "Mita." Watoto wanacheka mpaka wanashikana. Watu wazima wanaangalia chini, na mtu akishaona salamu yake imemwaibisha mzee, anafanyaje? Anaona aibu yeye. Basi wakaacha. Hawakuacha kwa ubaya, la. Walitaka kunipunguzia mzigo. Jirani yetu Mama Rogath ndiye aliyeanza. Alipita na ndoo yake kichwani, akasema kwa sauti kuelekea jikoni, "Mama Noela, nisalimie Bibi!" Nami niko hapo mbele yake, angeweza kunigusa kwa mkono. Na Mama Noela akajibu kutoka jikoni, "Marahaba, anasema!"

Nilikuwa sijasema.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ukashika mtindo huo. Shikamoo zangu zilipita juu ya kichwa changu zikaenda jikoni, na huko zikajibiwa na mtu aliyekuwa anamenya viazi. Umri wangu huu, watoto niliozaa na niliozika, miaka yote ile sokoni, na hata marahaba imechukuliwa. Nililia. Mama Noela akadhani jua limenichoma, akanihamisha.

Mwanzoni ni mtu mmoja tu ambaye hakushika mtindo huo, naye ni muuza maziwa wetu, Mama Gidamis. Ni Mbarbaig, mwembamba, mrefu, anatoka upande wa Bonga na galoni lake mgongoni. Kiswahili alikianzia ukubwani. Asubuhi moja Mama Noela alipoingia ndani kutafuta sufuria, huyu mama alichuchumaa mbele yangu, macho kwa macho.

"Shikamoo, Bibi."

"Mita," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Hiyo siyo," akasema.

Jamani, nilitaka kumkumbatia. Tangu nitoke hospitali kila mtu alikuwa ananiambia vizuri Bibi, safi Bibi, unaendelea Bibi, nami najua kabisa ninachotoa ni takataka. Huyu ndiye wa kwanza kunichukua kama mtu anayeweza kukosea.

Akasubiri. Nikajaribu tena, ikatoka ile ile. Akasubiri. Mama Noela akatoka na sufuria, akasema haraka haraka, "Marahaba, anasema. Tupimie lita mbili."

"Sikukusalimu wewe," akajibu Mama Gidamis bila kugeuka. "Wewe nitakusalimu baadaye."

Mama Noela alinuna, na uji uliungua siku hiyo. Lakini maziwa mazuri ya Nangara yalikuwa ya huyo mama, kwa hiyo asubuhi iliyofuata akaja tena, akachuchumaa tena. Aliniambia, kidogo kidogo, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja, jinsi alivyoanza kuuza maziwa mjini. Akitaka kusema kesho anasema jana. Watu wanacheka, halafu wanamsemea. "Ukisemewa," aliniambia, "mdomo unalala. Mimi nilikataa. Nikasema, subiri, nitasema mimi." Akagonga kidevu chake kwa kidole. "Na wewe kataa."

Tukawa hivyo kila siku. Ikaja "ma". Ikaja "mara", nikafurahi kama mtoto aliyepanda darasa, kesho yake imepotea na "mita" imerudi kukaa kwenye kiti chake. Nilikuwa naitafuta marahaba kichwani hadi jasho linanitoka. Naiona kabisa. Najua uzito wake. Nikinyoosha mkono kuikamata, haipo.

Asubuhi moja tulichoka wote wawili. Mama Gidamis akasimama, akanipa mgongo, akaanza kufunga kifuniko cha galoni kilichokuwa kinavuja. Akiwa anahangaika na kile kifuniko alinisalimu tu, kwa mazoea, bila kuniangalia. Nami nilikuwa naangalia kuku wa Mama Rogath anayechakura kitalu chetu cha sukuma wiki, nawaza namna ya kumfukuza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," nikasema.

Tukageukiana. Kifuniko kikaanguka, maziwa yakamwagika barazani, na hakuna aliyejali. Nikajaribu kulirudia, wapi! Likawa limekimbia. Lakini sasa nilijua siri yake. Neno lile ukilikodolea macho linajificha. Ukiangalia pembeni, linapita lenyewe.

Mama Noela alipotoka akakuta maziwa sakafuni na wanawake wawili wanacheka machozi. Akachukua tambara akapangusa.

Sasa wakati huo Noela, mjukuu wangu, alikuwa amepata mchumba. Kijana anaitwa Valence, mtu wa Rombo, aliyekuja na ofisi za mkoa. Nilikwisha kumchunguza kutoka barazani, maana mgonjwa huonekana kama haoni. Ana adabu, anatembea bila kukurupuka, na kila akipita ananisalimu mimi, siyo jikoni, ingawa hakai kungoja. Barua ikaletwa, ikajibiwa, na siku ya wageni kuja kuposa ikapangwa, Jumamosi.

Hapo ndipo palipokuwa na shida yangu. Katika nyumba yetu wageni wa posa hujibiwa na bibi. Mama yangu alijibu wageni walipokuja kwa dada zangu kule Usangi, na bibi yangu alijibu kabla yake. Baba na wajomba wataongea mahari na mengineyo, lakini neno la kwanza la kumtoa mtoto linatoka kwa bibi, na bila hilo wageni hawaonji hata soda. Noela alilijua hilo tangu ana miaka mitano. Alikuwa anakaa juu ya marobota yangu ya vitambaa sokoni akiniuliza, "Bibi, wakija kunichukua utawaambiaje?" Nami namwambia nitawahoji hadi waombe maji.

Jioni ya Alhamisi waliketi sebuleni, Ombeni na mke wake, wakapanga. Nami nimekaa pale pale kwenye kochi.

"Mama atakaa chumbani," alisema Ombeni. "Nitawaambia wageni hajisikii vizuri. Nitamjibia mimi."

"Lakini kawaida ni bibi," akasema Mama Noela.

"Aseme nini, mke wangu? Wageni wanaomba mtoto, wao wanajibiwa mita? Sitaki watu wamcheke mama yangu."

Macho yake yalikuwa yamejaa, mwanangu yule. Nilimwona. Lakini hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Nikapiga kochi kwa mkono wa kushoto. "Mita! Mita! Mita!"

"Anaomba maji," akasema Ombeni.

Nikaletewa maji.

Jumamosi ikafika. Kwa desturi binti anayeposwa hujificha chumbani mpaka aitwe, kwa hiyo tukafichwa wote wawili, mimi na Noela, kwenye kitanda kimoja, kama bidhaa zilizofungiwa stoo. Amependeza, amevaa kitenge nilichomchagulia mwenyewe kabla mkono haujakataa. Kupitia mlangoni tunasikia viti vinavutwa, viatu vinavuliwa, kicheko cha Warombo, Ombeni anasema mama yake hajisikii vizuri leo.

Noela akanishika mkono wa kulia, ule mbovu, akaanza kuukanda kidole kimoja kimoja.

"Bibi," akanong'ona, "uliniambia utawahoji hadi waombe maji."

Nikataka kumwambia namkumbuka alivyokuwa akilala juu ya marobota. Nikataka kumwambia nampenda kuliko macho yangu. "Mita," nikasema.

"Najua," akasema, na machozi yakamwagikia kitenge. "Mimi sitoki peke yangu."

Kwa hiyo Ombeni alipomwita binti yake aje aseme kama anawafahamu wageni, mlango ulifunguka tukatoka wawili. Mguu wangu ulikuwa unaburuzika sakafuni, sauti yake inasikika chumba kizima. Ombeni akasimama nusu. Wageni wote wakasimama kabisa, na Noela akaniketisha kando ya mama yake. Mbele yao alikuwa msemaji wao, Mzee Teodori, mwenye koti na mvi za heshima, ambaye hata hivyo alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Bibi!" wakasema kwa pamoja.

Na Mama Noela, ambaye nilikuwa nimekaa karibu yake, akafungua mdomo kama kila siku. "Maraha..."

Sikupanga. Mkono wenyewe uliinuka. Ule wa kulia, uliokuwa hauwezi kushika kijiko, uliinuka kutoka mapajani ukaenda ukatua juu ya mdomo wa mkwe wangu, taratibu, vidole vimejikunja. Akanyamaza. Nikahisi pumzi yake kiganjani.

Wageni bado wamesimama, kwa maana hukai kabla mkubwa hajaitika. Nililitafuta lile neno nikaona kiza. Nikasikia Ombeni anakohoa. Nikasikia jasho langu mwenyewe. Halafu nikamkumbuka kuku wa Mama Rogath, nikaacha kulitafuta. Nikaangalia chupa ya chai mezani. Ilikuwa na maua mekundu, na mfuniko wake haukubana vizuri, nikawaza kwamba chai itapoa, mtu aubane.

"Marahaba," nikasema.

Noela alibana mkono wangu hadi ukauma, nami nikafurahi kwamba unauma. Wageni wakakaa. Mzee Teodori akajikohoza, akatoa maneno yake ya mzunguko jinsi ipasavyo, kwamba wametoka mbali, kwamba kijana wao hana jiko, kwamba wamesikia katika nyumba hii kuna jiko zuri. Kisha akaniinamia.

"Bibi, tunalipata?"

Neno hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Mama Gidamis hakuwahi kuniposa. Nikafungua mdomo nikijua kitakachotoka, na kikatoka.

"Mita."

Hakuna aliyecheka. Ombeni akainamisha kichwa. Nikamwangalia Mama Noela. Mkono wangu ulikuwa umeshuka, mdomo wake uko huru, na jibu analo: ndiyo, anasema. Kila mtu pale ndani angeshukuru, na chai ingemiminwa. Niliona neno limefika kwenye midomo yake.

Akalimeza. Akashuka kwenye kiti, akachuchumaa sakafuni mbele yangu, na gauni lake jipya la sherehe, macho kwa macho.

"Hiyo siyo, Mama," akasema.

Kumbe asubuhi zote zile alikuwa nyuma ya mlango na sufuria yake, anasikiliza.

"Hiyo siyo. Jaribu tena. Tunakusubiri." Akawageukia wageni. "Mtatuvumilia. Mama yangu anasema mwenyewe."

"Tumekuja na siku nzima," akasema Mzee Teodori, akavua koti.

Wakasubiri. Walisubiri kweli kweli, watu wazima wamekaa na mikono magotini, chai inapoa, hakuna anayenisaidia. Sijui ilikuwa muda gani. Niliangalia nywele za Mama Noela, nikaona mvi mbili tatu ambazo sikuwahi kuziona, nikawaza, huyu mtoto wa watu amezeekea kwangu.

"Haya," nikasema.

Vigelegele! Noela akaniangukia shingoni, Valence akaficha uso kwa mikono, Ombeni mwanangu mtu mzima akalia mbele ya wakwe bila hata kutafuta leso. Lakini mimi nilikuwa sijamaliza. Nikainua kidole.

"Lakini," nikasema.

"Lakini nini, Bibi?" akauliza Mzee Teodori kwa hofu kidogo. Wapare na kesi zetu wanatujua.

Hiyo lakini haikuwa na mwisho. Iliyobaki ilikuwa bado iko njiani, inapita mashambani kwa watu. Nikatabasamu tu kwa upande ule unaotabasamu, na mzee wa watu akaomba maji.

Asubuhi ya Jumatatu nilikaa barazani kama kawaida. Kikombe changu cha chai kilikuwa mezani, mbali kidogo, na hakuna aliyekileta mdomoni. Ilinichukua muda kukifikia, na nusu nilijimwagia. Mama Noela alikuwa jikoni, namwona kupitia mlangoni, ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili ili asije.

Mama Rogath akapita na ndoo yake. "Mama Noela!" akaita kuelekea jikoni. "Nisalimie Bibi!"

Mama Noela akatoka hadi mlangoni, akifuta mikono kwenye khanga.

"Si yuko hapo mbele yako?" akasema. "Msalimie mwenyewe. Halafu tua ndoo, usubiri."